Miguu Imevimba? Kabla Hujanunua Dawa ya Kichina, Soma Hii

Najua wengine mko kafe na dakika zinayoyoma, kwa hiyo nitajitahidi nisiwazungushe. Ila leo mada ni ndefu kidogo, mkiweza ichapisheni mkasome nyumbani. Bora zaidi, msomee mama yako au bibi yako, maana hii ni habari yao kuliko yetu.

Nianze na kilichonifanya niandike. Shangazi yangu anauza mboga gengeni. Anasimama tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi jua linazama. Mwaka jana miguu ikaanza kumvimba. Mwanzoni ilikuwa jioni tu, ndala zinambana, akilala asubuhi imepungua. Baadaye ikawa hata asubuhi imevimba. Majirani kila mmoja na lake: mmoja anasema amekanyaga kitu, mwingine anasema uzee. Mteja mmoja akamwambia, "Nenda kwa Wachina, wale wanamaliza mambo." Basi mimi kama kijana wa nyumbani nikapewa kazi ya kumsindikiza.

Tukafika. Duka safi, feni inazunguka, ukutani kuna picha ya mtu mwenye nukta mwili mzima. Tabibu Mchina na dada mmoja Mswahili anayetafsiri. Akamwambia shangazi atoe ulimi. Akautazama. Akamshika kifundo cha mkono wa kulia kwa vidole vitatu, kimya kama dakika nzima, kisha wa kushoto. Dada akatafsiri: "Anasema una maji mengi, figo zako ni baridi." Tukapewa mifuko miwili ya dawa, mmoja unga, mwingine vidonge vyeusi vidogo kama mbegu za mpapai. Maandishi yote ya Kichina. Laki moja na ishirini elfu. Shangazi akatoa pesa ya mtaji.

Hakupimwa presha. Hakupimwa mkojo. Na mimi sikuuliza, kwa sababu sikujua kama kuna la kuuliza.

Wiki mbili za kwanza shangazi alifurahi, akawa anakojoa sana na miguu ikapungua. Mwezi wa pili akaanza kuamka kope zimevimba, uso umejaa, anachoka hata akipanda ngazi tatu. Mkojo una povu kama la sabuni. Tukakimbilia hospitali. Presha 190 kwa 110. Mkojo umejaa protini. Damu ikaonyesha figo zimeshaanza kushindwa kazi. Daktari akauliza swali moja: "Mama, ulikuwa unakunywa dawa gani?" Tukamwekea ile mifuko mezani. Akaigeuza huku na huku. Hakuna aliyeweza kusoma hata herufi moja.

Hapo ndipo nilipoamua kutafuta. Mimi si daktari, umande wangu uliishia kidato cha nne. Lakini kusoma najua, na kuuliza nimejifunza. Haya ndiyo niliyoyakuta, mazuri na mabaya, bila kumpendelea mtu.

WACHINA WANASEMAJE KUHUSU MAJI MWILINI

Kwanza tuwe wakweli: hawa jamaa hawajaanza jana. Kitabu chao kikongwe cha tiba, Huangdi Neijing, kilikusanywa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na humo tayari wanazungumzia mwili uliovimba kwa maji. Kinaeleza hata kubonyeza sehemu iliyovimba kwa mkono na kuangalia kama inarudi au inabaki imebonyea. Kipimo hicho hicho madaktari wa hospitali wanakifanya mpaka leo.

Ugonjwa wenyewe wanauita shuizhong, yaani uvimbe wa maji. Kwao maji mwilini yanaendeshwa na viungo vitatu. Mapafu yako juu, yanasukuma maji yashuke na kutawanyika hadi kwenye ngozi. Wengu uko katikati, unageuza chakula na kinywaji na kuyasafirisha. Figo ziko chini, ndizo zinazopasha moto na kuamua yapi yabaki na yapi yatoke. Mganga maarufu Zhang Jingyue, aliyeishi kati ya 1563 na 1640, aliyapanga hivi: mzizi wa tatizo uko kwenye figo, kilele kiko kwenye mapafu, na anayedhibiti ni wengu.

Hapa usichanganye mambo. Wakisema "figo" au "wengu" hawamaanishi kiungo kile kile unachokiona buchani. Wanamaanisha kazi fulani ya mwili kwa mujibu wa nadharia yao. Ndiyo maana shangazi alipoambiwa "figo zako ni baridi", ile haikuwa majibu ya kipimo cha figo. Sisi tulidhani ni majibu ya kipimo. Kosa la kwanza hilo.

Halafu wanagawa uvimbe katika makundi mawili, mgawanyo ambao umehusishwa sana na Zhu Danxi, mganga wa karne ya 14. Kuna maji ya yang: yanakuja ghafla, yanaanzia usoni na kwenye kope, mara nyingi pamoja na homa au koo kuuma. Na kuna maji ya yin: yanakuja polepole, yanaanzia miguuni, ukibonyeza shimo linabaki, mgonjwa anahisi baridi na uchovu. Tabibu anatofautisha kwa njia nne: kutazama, kusikiliza pamoja na kunusa, kuuliza, na kushika mapigo. Ulimi uliovimba, mweupe, wenye alama za meno pembeni, kwao ni dalili ya maji kuzidi.

Matibabu yanafuata mantiki. Zhang Zhongjing, aliyeandika karibu mwaka 200, aliweka kanuni rahisi: uvimbe ukiwa juu ya kiuno, mtoe mgonjwa jasho, ukiwa chini ya kiuno, mfanye akojoe. Miguu iko chini ya kiuno. Kwa hiyo dawa nyingi za miguu ni dawa za kukojoza.

NDANI YA MFUKO KUNA NINI

Nilimpata kaka mmoja wa mtaani aliyesoma China, akanisomea mfuko wa kwanza. Vitu vyenyewe ni hivi:

Fuling: aina ya uyoga unaoota kwenye mizizi ya misonobari. Ndio mfalme wa dawa za maji.

Zexie: kiazi cha mmea wa majini. Baizhu: mzizi wanaoamini unaupa nguvu wengu.

Huangqi: mzizi mrefu wa njano, wa kuongeza nguvu.

Dawa hizi ndizo zinazorudirudi. Mchanganyiko maarufu kuliko yote unaitwa Wuling San, una vitu vitano: fuling, zhuling (uyoga mwingine), zexie, baizhu na vijiti vya mdalasini. Umetoka kwa huyo huyo Zhang Zhongjing. Japani wanautumia pia, wanauita goreisan, na huko unatolewa na madaktari wa hospitali.

Kuna mwingine ulionifurahisha, unaitwa Wupi, yaani maganda matano: ganda la tangawizi, ganda kavu la chenza, ganda la mzizi wa mforsadi, ganda la popoo na ganda la fuling. Ukimsomea bibi wa Pemba orodha hiyo atakuambia nusu ya vitu vipo jikoni kwake.

Tena kuna ndevu za mahindi. Wachina wanazichemsha kama chai kwa ajili ya mkojo na uvimbe. Na mahindi yenyewe hayakuwa yao. Yalitoka Amerika yakafika China karne ya 16, wakayaingiza kwenye dawa zao. Maana yake nini? Maana yake tiba hii haikugandishwa zamani, imekuwa ikibadilika. Ukiambiwa "haibadilishwi, ni ya miaka elfu mbili", hayo ni maneno ya biashara.

Mbali na dawa za kunywa kuna sindano, akupancha. Kwa miguu iliyovimba wanapenda sehemu tatu: Zusanli, vidole vinne chini ya goti upande wa nje, Yinlingquan, chini ya goti upande wa ndani, na Sanyinjiao, vidole vinne juu ya kifundo cha mguu upande wa ndani. Hiyo ya mwisho wao wenyewe wanaikataza kwa mama mjamzito. Wengine wanachoma majani makavu karibu na ngozi ili ipate joto. Wengine wanaweka vikombe vya kunyonya, yaani kuumika, chuku zetu zile zile. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa na mtu.

SASA SWALI: INAFANYA KAZI AU NI CHANGA LA MACHO?

Hapa ndipo watu wanapopigana kwenye maoni, kwa hiyo nisikilizeni kwanza.

Ukisema dawa za Kichina zote ni uongo, utakuwa umesahau dawa mseto uliyokunywa ulipoumwa malaria. Artemisinini imetoka kwenye mmea wa Kichina wa qinghao. Bi Tu Youyou aliipata miaka ya 1970 baada ya kusoma kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini angalia alichofanya. Hakuuza majani kwenye mfuko usio na jina. Aliitoa kemikali yenyewe, akaijaribu kwa wanyama, akajijaribia mwenyewe na wenzake, kisha kwa wagonjwa. Kitabu cha zamani kilimpa fununu. Jibu lilitoka maabara.

Kwa upande wa uvimbe wa miguu, mfano bora nilioupata ni kidonge kinachoitwa qiliqiangxin, chenye mimea 11 ikiwemo huangqi na zexie, kwa wagonjwa ambao moyo umechoka. Moyo ukichoka, miguu inavimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuata wagonjwa 3,110 katika hospitali za China na Hong Kong. Waliokufa kwa ugonjwa wa moyo au kurudishwa hospitali kwa moyo kushindwa walikuwa asilimia 25 kwa waliopewa kidonge hicho, na asilimia 30 kwa waliopewa kidonge bandia. Si mchezo. Lakini usikimbie kununua. Wagonjwa hao WOTE waliendelea kunywa dawa zao za kawaida za moyo. Mimea iliongezwa juu ya dawa za hospitali. Hakuna aliyeambiwa aache.

Huangqi kwa figo nayo ilichunguzwa. Wataalamu wa Cochrane waliopitia tafiti zake mwaka 2014 walisema kuna dalili za matumaini, kama vile protini kupungua kwenye mkojo, ila tafiti zenyewe zilifanywa kwa ubora mdogo hivyo huwezi kuapa nazo. Hali ndiyo hiyo kwa tafiti nyingi za sindano na Wuling San: ndogo na za ubora hafifu.

Kwa hiyo msimamo wangu: si uchawi, si utapeli wote, na wala si mbadala wa vipimo.

UPANDE WA PILI AMBAO HAWAKUAMBII DUKANI

Wadau, hapa naomba utulivu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki moja kupunguza mwili walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Dawa iliyokusudiwa ilikuwa han fangji, mmea unaotumika pia kwa uvimbe wa maji. Kilichoingia kwenye vidonge kilikuwa guang fangji. Majina yanafanana, mimea ni tofauti kabisa. Guang fangji ni jamii ya aristolokia na ina sumu inayoitwa asidi ya aristoloki. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo. Mwaka 2000 madaktari waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 39 waliokubali kutolewa figo zao zilizokufa pamoja na mirija yake, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo.

Kuna mwenzake anaitwa guan mutong. Huyu alikuwa dawa ya kukojoza na kuondoa uvimbe. Naye ni aristolokia. Yaani unakunywa dawa ya kutoa maji, kumbe inaua figo, figo zikifa maji yanajaa zaidi. China yenyewe ilimpiga marufuku guan mutong mwaka 2003, na guang fangji ikafuata mwaka 2004. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeiweka mimea yenye asidi hiyo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, kundi moja na tumbaku. Kwa hiyo mtu akikuambia "ya asili haina madhara", mkumbushe kuwa tumbaku nayo ni jani.

Hawa nao wajue:

Gancao. Ni urukususu, ule mzizi mtamu. Umo katika michanganyiko mingi sana ya Kichina kwa sababu unaaminika kupatanisha dawa nyingine. Ukinywa nyingi kwa muda mrefu unafanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha inapanda, potasiamu inashuka. Yaani dawa yenyewe inaweza kukuvimbisha miguu.

Mahuang. Inatumika kwa uvimbe wa usoni kwa kutoa jasho. Inapandisha presha na kuukimbiza moyo. Marekani waliipiga marufuku kwenye virutubisho mwaka 2004.

Fuzi. Wanawapa wenye maji ya yin ili "kupasha moto figo". Mbichi ni sumu kali, lazima iandaliwe kitaalamu na kuchemshwa muda mrefu. Ikikosewa: ganzi mdomoni, kutapika, moyo kupiga ovyo, kifo.

Na sindano: mguu uliojaa maji ngozi yake imekazika. Ukitobolewa unaweza kuvuja na kuingiza wadudu, na kwa mwenye kisukari kidonda hicho kinaweza kuwa mwanzo wa safari ya kukatwa mguu. Hivyo usikubali sindano kwenye mguu wenyewe bila kwanza kujua kwa nini umevimba.

KWA NINI MIGUU INAVIMBA

Kuvimba miguu si ugonjwa, ni taarifa. Ni kama taa nyekundu kwenye gari. Dawa ya kukojoza inazima taa. Injini umeikagua?

Fanya hivi leo. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu, karibu na kifundo, uhesabu mpaka kumi, kisha achia. Likibaki shimo, hayo ni maji. Sasa tazama:

Mguu mmoja tu, umevimba ghafla, unauma nyuma ya goti au kwenye misuli ya chini, una joto: inaweza kuwa damu imeganda ndani ya mshipa. Bonge hilo likikatika likaenda kwenye mapafu, mtu anakufa. Hospitali siku hiyo hiyo, na USIKANDE wala kuumika.

Miguu yote miwili, na unahema ukilala chali au usiku unaamka kutafuta hewa: fikiria moyo.

Miguu yote, kope zimevimba asubuhi, mkojo una povu: fikiria figo. Hii ndiyo ya shangazi, tukapita nayo mbele ya duka bila kuijua.

Tumbo limejaa na macho ya njano: fikiria ini.

Mjamzito aliyevimba ghafla usoni na mikononi, kichwa kinauma, macho yanaona nyota: ni dalili za hatari za kifafa cha mimba. Usingoje kesho, usinywe chai ya mtu yeyote.

Anayekunywa dawa za presha: baadhi ya dawa, kwa mfano amlodipini, zinawavimbisha wengine vifundo vya miguu. Usiiache mwenyewe, mwambie daktari akubadilishie.

Mguu mmoja unaokua mwaka hadi mwaka, ngozi inakuwa ngumu: inaweza kuwa matende, yanayoenezwa na mbu. Na hapa Wachina wana somo la kutufundisha kweli kweli. Mwaka 2007 China ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imetokomeza matende kama tatizo la afya ya jamii. Walifanyaje? Si kwa kushika mapigo. Walipima damu za watu vijijini na kugawa dawa ya DEC, sehemu nyingine wakaichanganya kwenye chumvi ya kula. Kwetu Tanzania mpango wa kugawa kingatiba za matende ulianza mwaka 2000, bure kabisa, lakini bado kuna vijana wanakimbia zoezi wakidhani wanapunguzwa nguvu za kiume. Jamani.

Na pia kuna uvimbe wa kusimama au kukaa sana, kama wa makonda, walinzi na sisi wa kwenye kompyuta. Huo unasaidiwa na kuinua miguu juu kuliko moyo, kutembea, na kupunguza chumvi. Bure. Ila ujiridhishe kwanza kwamba ndio huo.

UKIAMUA KWENDA, NENDA HIVI

Sitawaambia msiende. Madaktari wa Kichina wako nasi tangu zamani: Zanzibar tangu 1964, bara tangu 1968, na wengi wamefanya kazi hospitali za mikoani ambako wetu hawakutaka kwenda. Mwaka 1987 ulianza ushirikiano wa China na Muhimbili kujaribu dawa za mitishamba za Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI. Hao walifanya kazi kwenye hospitali, na vipimo, na kumbukumbu za maandishi. Usiwachanganye na kila mwenye feni na picha ya nukta ukutani.

Kwa hiyo:

1. Anza na presha, kipimo cha mkojo na kipimo cha damu cha figo. Kipimo cha mkojo ni kijiti tu, majibu hayachukui hata dakika tano, na bei yake haifiki hata robo ya ile mifuko yetu.

2. Muulize tabibu kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ipo tangu 2002. Mwenye usajili hakasiriki akiulizwa.

3. Dai orodha ya kila kilichomo, kwa herufi unazoweza kusoma. Akisema ni siri ya kazi, aga kwa heshima uondoke.

4. Ukisoma fangji, mutong, mahuang au fuzi, simama hapo hapo. Mpelekee daktari au mfamasia.

5. Usiache dawa za hospitali, wala usizichanganye kimya kimya. Ukinywa dawa ya kukojoza ya hospitali na nyingine ya mfukoni kwa pamoja, unaweza kukauka na kuharibu chumvi za mwili.

6. Tunza mfuko mtupu. Siku ukizidiwa, ndio utakaoongea kwa niaba yako.

Turudi kwa shangazi. Mfuko wa kwanza kama nilivyosema ulisomeka, na humo hakukuwa na kitu cha kutisha. Wa pili, ule wa vidonge vyeusi, ulikuwa na jina la biashara tu na maneno "huondoa uvimbe". Hakuna orodha. Daktari alituambia ukweli: hawezi kujua kama vidonge vimechangia. Anachoona yeye ni kwamba presha ilikuwa inamla figo muda mrefu kabla hatujaenda kwa Mchina. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema duka lile limemuua figo shangazi yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba ile miezi miwili tuliyokuwa tunafurahia miguu kupungua, presha ilikuwa 190 na hakuna aliyeiona. Miezi hiyo hairudi.

Sasa yuko kliniki kila mwezi. Anakunywa dawa ya presha, chumvi amepunguza mpaka mjomba analalamika mboga haina ladha. Genge anakaa kwenye kiti, ameweka kreti la soda mbele analoinulia miguu. Figo hazijarudi zilivyokuwa, lakini hazijaendelea kushuka. Na bado anamsifia yule Mchina, anasema alimshika mkono kwa utulivu, kuliko nesi aliyemfokea foleni. Hilo nalo wenye hospitali walisikie, maana watu hawakimbilii madukani kwa ujinga tu.

Mdau, mama yako akirudi leo jioni mwambie avue viatu. Mbonyeze mguu, uhesabu kumi. Kama shimo linabaki, kesho msindikize akapimwe presha na mkojo. Mengine yote mtayazungumza baadaye.

Mwenye uzoefu wake aandike hapo chini kwenye maoni, na wataalamu mlioko humu mnikosoe pale nilipoteleza. Matusi sipokei, hoja napokea. Tuko pamoja.